PIPA LA BIA KATIKA KARAMU YA NDOA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja wake vilivyo vizuri na kuwaharimishia vilivyo viovu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na ali zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Imezidi katika miji ya pwani khabari ya watu wenye kuswali na kufunga, ambao wao wenyewe hawaonji ulevi, lakini wafanyapo karamu huununua kwa ajili ya wageni wao, na huona kuwa wamesalimika kwa kuwa midomo yao haikugusa. Suala lao huwafikia wanavyuoni kwa sura moja, nayo ni hii.

Zaid ni mtu wa mji, mwenye kazi bandarini, na amemkubalia mposaji wa binti yake. Katika aliowaalika wamo mkubwa wake wa kazi na wenziwe wengine, jumla yao wanane, wasiokuwa Waislamu. Nduguye mdogo, Amri, amwambia: “Kaka, watu hawa wakija wakakuta sharbati na kahawa tu, tutaaibika, na mkubwa wako huyo ndiye aliyetia mkono ukapanda cheo. Nunua pipa moja la bia, liwekwe uani nyuma ya pazia. Waislamu watakaa barazani, na hao watakaa huko. Wewe hunywi, wala humlazimishi mtu kunywa.” Zaid amekwisha toa arubuni kwa muuzaji, kisha moyo wake umeingiwa na shaka. Je, ana dhambi juu yake? Na ndoa ya binti yake imeguswa na jambo hili, au haikuguswa?

Jawabu. Kwanza yafaa ijulikane bia ni kitu gani, kwani wako wadhanio kuwa khamri iliyotajwa katika Qurani ni ile ya zabibu peke yake, na kuwa hii ya shayiri ni nyepesi, ina hukumu nyingine. Abu Musa al-Ashari, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alipotumwa Yemen alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya vinywaji viwili vya nchi ile: kimoja kikiitwa bit'i, nacho hufanywa kwa asali, na cha pili kikiitwa mizri, nacho hufanywa kwa shayiri. Mtume hakupambanua kati ya cha asali na cha shayiri. Alimjibu kuwa kila chenye kulevya ni haramu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Na mizri ya shayiri ndiyo bia hii hii, ijapokuwa leo imetiwa katika pipa la chuma lenye mfereji. Sayyidna Umar naye, alipohutubu juu ya mimbari ya Mtume, alitaja vitu vitano vilivyokuwa vikifanyiwa khamri, na shayiri ni mojawapo, kisha akaeleza kuwa khamri ni kila chenye kuifunika akili.

Watu wa pwani hawana udhuru wa kutolifahamu hili, kwa kuwa wanalo mfano wake mnazini. Tembo tamu lililoteremshwa asubuhi ni maji ya mnazi, halina neno. Likikaa hata jioni likachacha likawa lalevya, limekuwa khamri, wala hapana aliyelitia kitu. Jina halikubadilika, na mgema ni yule yule, lakini hukumu imegeuka. Basi hukumu yafuata kulevya, haifuati jina. Na imepokewa na Abu Daud kuwa Mtume aliwatabiria watu katika umati wake watakaokunywa khamri wakiiita kwa jina lisilokuwa lake. Asemaye “hii si pombe, ni bia tu” na ajiangalie asiwe katika hao.

Wala wepesi wake haumfai kitu mwenye kushika kauli hiyo. Jabir amepokea kwa Mtume kuwa kitu ambacho kingi chake chalevya, basi kichache chake pia ni haramu. Mwenye kunywa kikombe kimoja akatoka na akili yake timamu amekunywa haramu sawasawa na aliyebebwa.

Tuje kwenye kununua. Aya ya 90 katika Suratul Maida haikusema kuwa khamri isinywewe. Imeamrisha ijiepushwe, ikaiita uchafu katika kazi za Shetani. Neno hili la kujiepusha ni pana kuliko neno la kutokunywa. Aliyeambiwa asile mzoga aweza kudhani kuwa ana ruhusa ya kuuweka nyumbani, lakini aliyeambiwa ajiepushe nao hana njia ya kuuita uje mlangoni kwake. Naye Zaid ameuita, na ametoa fedha.

Na ikiwa aya imekusanya, hadithi imepambanua. Anas amepokea, na Tirmidhi na Ibn Majah wameitaja, kuwa Mtume amewalaani watu kumi kwa sababu ya khamri: mwenye kuikamua, mwenye kukamuliwa, mnywaji, mchukuzi, mwenye kuchukuliwa, mwenye kunywesha, muuzaji, mwenye kula thamani yake, mnunuzi, na mwenye kununuliwa. Katika kumi hao mnywaji ni mmoja tu. Zaid na ajitafute mwenyewe katika orodha hii, atajiona katika mnunuzi. Na nyumba yake ikipokea pipa, atajiona tena katika mwenye kuchukuliwa. Amri, akienda na gari kulileta, yumo katika wachukuzi. Na kijana wa nyumbani atakayesimamishwa penye mfereji kujaza bilauri, mtoto ambaye pengine amehitimu juzi tu chuoni, babake amemtia katika wenye kunywesha. Hili la mwisho ndilo zito kupita yote, na ndilo watu wasilolikumbuka.

Asema Amri kuwa bia ni ya wageni wanane peke yao. Na yapigwe hesabu. Pipa kubwa la chuma liuzwalo lina lita 50, yaani bilauri 100 za nusu lita. Wageni ni wanane. Kila mmoja wao itampasa anywe bilauri kumi na mbili na nusu ndipo pipa liishe, na hapana mkubwa wa kazi anywaye hivyo mbele ya watu akasimama. Tena pipa likisha kufunguliwa kwa pampu ya mkono, ambayo huingiza hewa ndani, bia yake huharibika baada ya siku moja hivi. Haiwekwi kwa karamu nyingine. Sasa hiyo iliyobaki ni ya nani? Kila mtu wa mji ajua ni ya nani. Ni ya vijana watakaopita nyuma ya pazia mmoja mmoja usiku ukishakuwa mkubwa, na katika hao huenda akawamo bwana arusi. Pazia halikuwekwa kuwazuia. Limewekwa ili wazee wasione.

Na kuna najisi, jambo ambalo watu wa siku hizi hulidharau. Katika madhehebu ya Imam Shafi kila kinywaji chenye kulevya ni najisi. Mfereji hudondoka, bilauri hupinduka, na mkeka wa uani ndio huo huo ambao watu watauswalia alfajiri. Na bilauri zilizonyweewa bia zikichovywa pamoja na za sharbati katika beseni moja la maji machache, maji yote yamenajisika, na mwenye karamu amewanywesha najisi Waislamu wa barazani pasipo wao kujua.

Ama kumkirimu mgeni asiyekuwa Muislamu ni jambo jema, na jirani na mwenzi wa kazi wana haki zao. Lakini hapana ukarimu kwa kitu alichokiharimisha Mwenyezi Mungu, wala Muislamu hawi wakili wa kumnunulia khamri mtu mwingine, awe na dini yo yote. Na udhuru wa aibu hauna asili. Mtu aliyekaa pwani hata mwaka mmoja ajua kuwa Waislamu hawanywi, na ajapo katika nyumba yao hutaraji biriani na halua na kahawa, na madafu yaliyotoka mtini siku ile. Akiiona bia hushangaa, na pengine hucheka moyoni mwake. Cheo ambacho hakiwezi kusimama pasipo pipa kimesimama juu ya kitu kidogo mno.

Hukumu ya biashara yenyewe ni kuwa ni batili. Katika sharuti za kinachouzwa ni kuwa kitu tahiri chenye manufaa yanayotambuliwa na sharia, na khamri haina moja katika haya mawili. Imepokewa na Muslim kwa Ibn Abbas kuwa mtu mmoja alimletea Mtume zawadi ya viriba vya khamri. Alipojulishwa kuwa ni haramu, akamnong'oneza mwenziwe aende akaiuze. Mtume akamwambia kuwa aliyeharimisha kuinywa ndiye aliyeharimisha kuiuza. Basi yule mtu akafungua vinywa vya viriba hata yakaisha yaliyomo. Arubuni ya Zaid haikumilikisha kitu, nayo ni fedha yake. (Na biashara ya arubuni, hata katika kitu cha halali, ina maneno yake katika madhehebu, lakini si hapa.)

Sasa ndoa. Uwalii wa binti una sharuti, na Imam Nawawi katika Minhaj ameshika kuwa fasiki hana uwalii. Na ufasiki hupatikana kwa dhambi moja kubwa. Na Ibn Hajar al-Haytami, katika kitabu chake Zawajir, ameihesabu kununua khamri katika madhambi makubwa pamoja na kuinywa na kuichukua. Basi Zaid akiendelea na shauri lake hili hata saa ya kuoza, amejitia shakani katika uwalii wenyewe ambao kwa ajili yake ameitisha karamu. Wala asiseme kuwa atamwakilisha nduguye, kwa kuwa Amri ndiye mwenye shauri. Ni kweli kuwa Imam Ghazali alitoa fatwa ya kumbakishia fasiki uwalii iwapo ukiondolewa kwake utakwenda kwa hakimu aliye fasiki kama yeye, na Nawawi katika Rawdha ameipenda fatwa hii, kwa kuchelea ndoa za watu zisiharibike. Lakini hiyo ni njia waliyofunguliwa watu wa dharura, na Zaid hana dharura; ana pipa tu, na kuliacha ni wepesi. Mashahidi wawili nao huwa waadilifu; wasitwaliwe katika waliotoka nyuma ya pazia.

Waalikwa nao wana hukumu yao. Kuitikia mwaliko wa karamu ya ndoa ni wajibu kwa aliyealikwa, ila pakiwa na munkari. Mwenye kujua kuwa kuna munkari, naye aweza kuuondoa kwa kuhudhuria kwake, kama mzee asikizwaye, na aende auondoe. Asiyeweza, mwaliko umemwondokea, na asiende. Aliyekwenda asijue, kisha akajua, na akataze. Asiposikizwa na atoke. Asiseme kuwa yeye amekaa barazani, na pipa liko uani, kwa kuwa Mtume amemkataza mwenye kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asikae penye chakula ambapo khamri huzungushwa. Na imepokewa kuwa Umar bin Abdul Aziz aliletewa watu waliokamatwa wakinywa, akaambiwa kuwa mmoja wao alikuwa amefunga; akaamuru waanze kwake, akatoa hoja kwa aya ya 140 katika Suratun Nisaa, yenye kueleza kuwa mwenye kukaa nao ni kama wao.

Yaliyompasa Zaid ni haya. Amwendee muuzaji kabla pipa halijatoka dukani, aivunje ahadi, na aitake arubuni yake. Akinyimwa, na aiache, asichukue bia badala yake kwa kusema kuwa fedha imekwisha toka. Likiwa pipa limekwisha kufika kwake, na muuzaji si Muislamu, amrudishie hali limefungwa. Na muuzaji akiwa Muislamu, bia na imwagwe, na chombo kirudi kwa mwenyewe. Kisha atubu kwa kujuta na kuazimu asirejee. Na wamesema wanavyuoni wa madhehebu kuwa walii aliyetubu toba ya kweli aweza kuoza papo hapo, wala hangoji mwaka. Basi arusi haina haja ya kuakhirishwa hata siku moja. Na mkubwa wa kazi na apelekewe mtu wa kumwambia kwa maneno mazuri kuwa anangojewa, na kuwa mbuzi wamekwisha kununuliwa.

Wallahu aalamu.