Bei ya Gari na Haki ya Muuzaji

  

Ndugu zangu, kaka na dada, ikitajwa haki katika biashara wengi wetu tunamwaza muuzaji: mizani yake, ulimi wake, viapo vyake. Ni kweli kwamba Suratul Mutaffifin imefunguliwa kwa onyo kali kwa wapunjaji. Lakini someni tena maneno ya Nabii Shuaib (a.s.) kwa watu wa Madyan. Hakuwaamrisha kutimiza vipimo peke yake. Aliwakataza pia kuwapunguzia watu thamani ya vitu vyao. Katazo hilo linamkuta hata mnunuzi, yule anayeiponda mali ya mwenzake ili ishuke bei, na moyoni anajua ni nzuri.

Nimelazimika kulisema hili kwa sababu jumuiya yetu ilitutuma watu watatu kwenda Kampala kununua gari la safari za daawa vijijini. Fedha ni michango ya wanafunzi na ya waliokwisha kuhitimu. Ukomo tuliopewa ulikuwa shilingi milioni 50. Katika bondi moja upande wa Nakawa tuliiona RAV4 ya mwaka 2012, bei milioni 46 pamoja na kodi. Je, ni bei ya haki?

Uislamu haukutuwekea kiwango cha faida. Bei zilipopanda Madina watu walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie, naye akakataa, kama alivyopokea Anas (r.a.), akitaraji kukutana na Mola wake bila mtu yeyote kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Kwa hiyo haki ya bei inatafutwa sokoni, kwenye vitu vinavyofanana, hali ya kila kitu ikiwa wazi. Tulizunguka bondi nyingine nne. Hapo utajifunza kuwa magari mawili yanayofanana kwa macho hayafanani kwa gharama. Sheria ya Uganda ya 2018 inazuia kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu kutengenezwa, na magari ya miaka 8 na zaidi hutozwa ushuru wa mazingira juu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Muuzaji akikutajia bei nzuri, muulize kwanza kama kodi imelipwa. Bei ambayo kodi yake hujaijua hujaijua.

Kisha hali ya gari lenyewe. Mtume (s.a.w.) alipita kwenye lundo la chakula akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye chakula akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini asiuweke juu watu wauone, na akaambiwa kuwa anayeghushi hayumo katika sisi. Nami napenda kuuzingatia ule mkono. Hakuishia kutazama juu.

Fundi wetu, Hajji mmoja wa Kisekka aliyezeekea kwenye gereji, alifanya hivyo hivyo. Kabla ya salamu kuisha alifungua boneti akagusa injini. Alitaka aikute baridi, kwa sababu kuna wauzaji wanaoiwasha mapema ili mlio wa asubuhi na moshi wa kwanza usionekane. Akatazama mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani, aone kama uchakavu wake unalingana na kilomita zilizoandikwa. Akaomba karatasi ya mnada ya Japan, inayoandikwa kilomita na daraja la gari. Daraja R ni la gari lililogongwa likatengenezwa. Vyote vilikubaliana.

Kurudisha nyuma mita ya kilomita si dhambi mpya. Waarabu walikuwa hawamkamui ngamia au mbuzi siku kadhaa kabla ya kumuuza, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) alilikataza, akampa aliyedanganywa siku 3 za kuchagua: abaki naye, au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Wanachuoni wa Kishafii wakalinganisha na hilo mtu anayeyafunga maji ya kinu kisha akayaachia wakati wa kuuza, ili kinu kionekane kina nguvu. Mita iliyorudishwa nyuma ni maji ya kinu. Na wale wanaouziana simu na laptopu hosteli wakisema "nakuuzia kama ilivyo" wasidhani neno hilo linawavua dhima ya kasoro waliyoijua wakanyamaza.

Sasa nije kwenye lililotushughulisha kweli. Hajji alitoka chini ya gari, akasoma namba ya chesisi, akatuita pembeni.

"Wanangu, kibandiko cha bei kimeandikwa kuwa linavuta magurudumu mawili. Hii ni ACA31, si ACA36. Linavuta yote manne."

Zilizofanana nalo kwingine zilikuwa milioni 50 au 51. Kijana wa mauzo hakujua.

Mweka hazina wetu alisema tulipe tuondoke. Hoja yake haikuwa ya uroho. Alisema fedha hizi ni amana, wakala hana ruhusa ya kufanya ihsani kwa mali ya waliomtuma. Na ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafii hasara ya bei peke yake, bila udanganyifu, haivunji mauziano. Mkataba ungesihi.

Mimi nilimkumbuka Jarir bin Abdillah (r.a.). Imepokewa kuwa alinunuliwa farasi kwa dirham 300, akamfuata mwenye farasi na kumwambia farasi wako anazidi hapo, akapanda naye mpaka 800, kwa kuwa alimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kila Mwislamu kheri. Mwenzetu akajibu mambo mawili: Jarir alitoa mali yake mwenyewe, na kijana huyu si Mwislamu.

La kwanza nililikubali. Hatukuwa na haki ya kupandisha bei kwa mkono wetu. Lakini kusema ukweli hakutoi senti mfukoni mwa mtu. Tumwambie, ataje bei yake, ikizidi ukomo tuondoke. La pili sikulikubali hata kidogo. Shuaib alisema "watu", hakusema waumini. Tena kijana yule naye ni wakala kama sisi. Tajiri wake akigundua kosa la kibandiko, pengo lingejazwa na mshahara wake. Sisi tungelinda amana yetu kwa kuivunja ya mwenzetu, kisha tupakie vitabu vya daawa ndani yake.

Tulimwambia. Alitutazama kama watu wanaomchezea, akaenda kusoma chesisi mwenyewe, akampigia simu tajiri wake. Bei ikawa milioni 49. Tukapatana 48 na nusu.

Najua baadhi ya wanachama hawakuridhika, na wana haki ya kuuliza kwa sababu ni michango yao. Mweka hazina ameiandika ile milioni 2 na laki 5 kwenye mstari wake peke yake katika hesabu, na sababu pembeni kwa mwandiko wake. Italetwa kwenye mkutano mkuu, inshaallah, baada ya swala ya Ijumaa.