Je, Kumheshimu Mzee ni Kumnyamazia?

Liko kosa tulifanyalo kwa jina la adabu: kumwona mzee yumo khatarini, kisha tukanyamaza tusije tukamvunjia heshima.

Mimi mwenyewe nimelifanya. Hapa Isiolo, kama huko kwenu pwani, wazee wengi huvaa kikoi au saruni. Lakini marehemu baba yangu, kila Ijumaa, alikuwa akivaa suruali chini ya kanzu. Akiivaa hali amesimama kwa mguu mmoja, kama alivyozoea ujanani. Mara nyingi nilimwona akiyumba na kushika ukuta. Nikasema moyoni: mtoto hamfundishi babake kuvaa. Ijumaa moja mguu ukanasa katika suruali, akaanguka, nyonga ikavunjika. Tangu siku ile hakuvaa nguo ila kwa mikono ya watu.

Jambo hili si uzembe wa mzee. Mtu husimama imara kwa msaada wa macho, sikio la ndani, na hisi ya nyayo na viungo, na misuli ya miguu ikamshika. Vyote hivyo hupungua kwa umri. Ainuapo mguu mmoja, hubakiwa na pahali padogo pa kujitegemeza. Atiapo kichwa katika kanzu, macho hufunikwa. Na ainukapo ghafla kitandani alfajiri, msukumo wa damu huweza kushuka akapata kizunguzungu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wafao zaidi ni waliopita umri wa miaka 60.

Huenda mzee akasema: "Nikikaa ndipo nivae, basi nimekwisha." Twamjibu: Sharia imemruhusu asiyeweza kusimama asali hali ameketi, wala hakuna amwonaye kuwa ameidharau sala. Ikiwa kisimamo cha sala kina rukhsa, kisimamo cha kuvaa suruali kina utukufu gani?

Dawa yake ni nyepesi. Na kiwekwe kiti imara kisichoteleza, karibu na nguo. Aketi, aanze kuvika mguu ulio dhaifu, kisha ndipo asimame akishika ukuta. Taa iwake, na mkeka uondolewe njiani. Akiamka, akae kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka.

Amma sisi watoto, tusimnyang'anye nguo tukamvisha kama mtoto mchanga, kwani hilo nalo humvunja moyo. Tuweke kiti, tuseme kwa upole: "Baba, keti uvae, nakungoja," kisha tugeuze uso.

Mimi nilidhani naichunga heshima ya baba kwa kunyamaza, na kwa kunyamaza kule nikaipoteza. Aliye na mzazi leo asingoje Ijumaa ijayo.

Wabillahi tawfiq.