Shamba la Anathothi
Somo: Yeremia 32:6–15



Tangu mwezi wa Juni 2025 watu wavuka ghuba kwa daraja la Kigongo na Busisi, wala hawangoji kivuko tena. Mtu wa Mwanza akitaka kujenga Sengerema, njia i wazi mbele yake. Kwa hiyo imetupasa kusema neno juu ya kununua mahali pa nyumba.

Wazee wetu wa Usukuma hawakununua ardhi. Mgeni alikwenda kwa mwanangwa, akaonyeshwa mahali pa kujenga kaya yake, na majirani wote waliujua mpaka wake. Leo mambo si hayo. Aliyeuza pamba, na mvuvi aliyeweka akiba ya sangara, hutoa fedha ya miaka mingi kwa siku moja. Ni siku ya furaha, tena ni ya hatari. Kwa maana huweza kutokea kwamba mtu apeleka matofali yake kiwanjani, akamkuta mwingine achimba msingi, naye pia amelipa.

Basi, tumtazame nabii. Yeremia alikuwa amefungwa katika uwanda wa walinzi, na jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu. Ndipo Hanameli, jamaa yake, alipomjia ili amwuzie shamba la Anathothi. Yeremia akatambua ya kuwa neno hili limetoka kwa Bwana. Akapima fedha kwa mizani, shekeli 17. Akaandika hati, akaitia muhuri, akaweka mashahidi. Kisha akampa Baruku hati zote mbili, ile iliyofungwa na ile iliyo wazi, mbele ya watu wote walioketi pale, zitiwe katika chombo cha udongo zikae siku nyingi.

Angalieni, ndugu: yeye aliyeiamini ahadi ya Mungu wakati wa giza ndiye aliyetaka mashahidi. Hakusema, Huyu ni jamaa yangu, hati ya nini? Alijua ya kuwa wenye kujua hufa, na watoto wao hubaki wakigombana.

Nasi tununue mchana. Uende ukaukanyage mpaka kwa miguu yako, ukawaulize majirani wa pande zote. Kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka halmashauri ya kijiji ikubali. Mjini, ulizia kwanza katika ofisi ya ardhi, ndipo utoe fedha. Umtafute mama wa nyumba ile, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume kuuza nyumba ya ndoa pasipo mkewe kukubali. Tena usivutwe na uzuri wa ufuko. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yazuia kujenga ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na mwaka 2020 maji yalipopanda, yaliingia nyumbani mwa watu.

Nawe unayeuza, umche Mungu. Kuuza shamba moja kwa watu wawili ni wizi, hata kama ulimi ulikuwa mtamu. Na ninyi walimu wa kanisa, mwaitwa mara nyingi muwe mashahidi, kwa sababu watu wayaamini majina yenu. Msiandike jina juu ya mpaka msiouona, wala juu ya fedha isiyohesabiwa mbele yenu. Hata Ibrahimu alipoinunua Makpela alimpimia Efroni shekeli 400 masikioni mwa Wahiti wote.

Mwisho, tusijisifu kwa hati. Kwa sheria ya nchi yetu, ardhi yote ni ya umma, naye Rais ni mdhamini wake. Hata hati ya mjini hutolewa kwa miaka 33, au 66, au 99. Torati ilitangulia kutuambia ya kuwa nchi ni mali ya Bwana, nasi tu wageni wake. Yeremia mwenyewe alichukuliwa mpaka Misri, wala hatusomi ya kuwa alilima Anathothi. Alinunua kwa ajili ya watakaokuja. Vivyo hivyo nasi tununue kwa haki, ili watoto wetu wakifungua sanduku baada yetu, waone humo amani, wasione kesi.

Bwana aibariki misingi yenu. Amina.