Silaha Mlangoni pa Kilabu



Msimu wa korosho ufikapo, huku kwetu Nachingwea na Ruangwa fedha na vinywaji huongezeka pamoja. Mabibo hukamuliwa yakawa uraka, minada ya RUNALI huleta malipo, nazo nyumba za pombe hujaa watu hadi usiku. Ni wakati huo huo ambapo mkulima hulinda shamba lake na wanyama waharibifu, na mfanyabiashara hulinda mfuko wake na wezi. Ndipo hutokea kwamba mtu ameketi na wenzake mbele ya kinywaji, na silaha yake ameketi nayo.

Sisi wenyewe yametupata. Katika karamu moja ya harusi mgeni mmoja aliinama kuokota kofia yake, shati likapanda, tukaona bastola kiunoni. Meza yetu ilinyamaza. Kisha mmoja wetu akanong'ona, "Ana kibali huyo." Mwingine akajibu, "Kibali ni cha kumiliki, si cha kuja nayo kwenye pombe." Wa tatu akasema haijui sheria inayokataza. Tukabishana hivyo kwa sauti ya chini, na muda wote huo yule bwana akaendelea kujaziwa bilauri yake. Hakuna aliyekwenda kusema naye, wala aliyemwambia mwenye karamu. Watu waliondoka salama. Lakini tangu siku hiyo twajiuliza: je, tulikuwa tukitafuta sheria, au tulikuwa tukitafuta udhuru wa kukaa kimya?

Ni kweli kwamba jambo lenyewe si wazi kwa watu wengi. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoshika nafasi ya ile ya mwaka 1991. Tunayo pia Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Ya kwanza humtazama mwenye silaha, ya pili humtazama muuza pombe. Mwenye silaha anayo karatasi yake, na mwenye baa anayo yake. Lakini wakutanapo mlangoni, kila mmoja humngoja mwenziwe aseme. Tena nyumba zetu zenyewe hazina jina moja. Ile inayouza chai na maandazi asubuhi huuza wali mchana, na jioni bia huwekwa juu ya meza zile zile. Je, hiyo ni hoteli au ni baa?

Tusidhani kwamba fumbo hili ni la kwetu tu. Huko Marekani, bunge la jimbo la Tennessee mwaka 2009 lilipitisha sheria ya kuwaruhusu wenye vibali kuingia na bastola mahali panapouzwa pombe, mradi kazi kubwa ya mahali hapo iwe ni kuandaa chakula, na mwenye silaha asinywe. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo jaji mmoja mjini Nashville akaitangua, kwa sababu mtu wa kawaida hakuweza kujua ipi ni nyumba ya chakula na ipi ni nyumba ya pombe. Mwaka 2010 wakaiandika upya: mwenye kibali aweza kuingia hata katika baa, ila asinywe, na mwenye nyumba akitaka kumkataza aweke tangazo. Hapo sheria ikawa wazi zaidi. Je, ikawa njema zaidi? Uwazi ni jambo moja, na wema ni jambo lingine.

Sheria isiyo wazi humwacha mtu asijue serikali itamfanya nini. Haimwachi asijue silaha na pombe zaweza kumfanya nini jirani yake. Hilo la pili twalijua sote. Tumeona jinsi mtu mpole anavyokuwa mkali baada ya bilauri ya nne, na jinsi neno dogo juu ya deni au mpaka wa shamba linavyogeuka ugomvi. Ugomvi wa mikono wazee huusuluhisha. Risasi haisuluhishwi.

Wako watakaosema, nao wanayo haki ya kusikilizwa: "Mimi natembea na fedha, njia ni ndefu, na majambazi hawachagui saa. Nikiiacha silaha nyumbani nani atanilinda? Tena bilauri moja hainibadilishi." Hatuwadharau. Silaha yenyewe si dhambi, wala uraka si dhambi. Bwana wetu alikwenda arusini Kana, na divai iko juu ya madhabahu yetu. Lakini tuwaulize jambo moja: ni nani anayepima kwamba bilauri moja haikumbadilisha? Ni yeye yule aliyeinywa. Mizani imekwisha kulowa pamoja na mpimaji. Kwa hiyo uamuzi huu haufanywi mezani. Hufanywa nyumbani, akili ikiwa kavu. Na kama kweli njia ina hatari, hiyo ni sababu ya kuwahi kufika nyumbani, si sababu ya kukaa kilabuni.

Wala asiseme, "Nitamwachia mama muuza pombe anihifadhie." Kibali ni cha mtu, hakifuatani na silaha mkononi mwa mwingine. Akimpa, amemtia mama wa watu katika hatari ya bure. Basi zimebaki njia mbili tu: airudishe silaha kwanza mahali inapofungiwa, ndipo aje kunywa, au akae nayo asinywe. Anayebeba silaha amekwisha kuchagua.

Tukumbuke usiku ule wa mwisho wa Bwana wetu. Luka anatueleza kwamba pale karamuni mitume walikuwa na panga mbili. Hatusemi walikuwa wamelewa; walikuwa na hofu na usingizi. Hata hivyo, kabla hakujapambazuka upanga ulikuwa umekwisha kulikata sikio la mtumishi, na Yohana anatutajia kuwa mkono ule ulikuwa wa Petro. Ikiwa mtume aliyetoka mezani pa Bwana hakuuzuia mkono wake, sisi tutokao mezani pa uraka tujitumainie nini? Tena Petro alikuwa na Bwana karibu, aliyeliponya sikio lile saa ile ile.

Wajibu huu si wa mwenye silaha peke yake. Torati ilimwagiza mtu ajengaye nyumba auzungushie ukuta mdogo ukingo wa dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mwenye nyumba hakungoja kwanza mtu aanguke. Vivyo hivyo mwenye kilabu, mwenye harusi, na kila mmoja wetu aandaaye sherehe ya jando, aseme mapema na kwa adabu: "Ndugu, karibu sana, ila silaha irudi kwanza nyumbani." Mji wa Nachingwea si mgeni wa silaha. Wapigania uhuru wa FRELIMO walifundishwa hapa tangu miaka ya 1960 mpaka Msumbiji ilipojitawala mwaka 1975. Askari yeyote atakuambia kwamba kambini silaha huhesabiwa na kurudishwa ghalani. Ikiwa wale waliofundishwa wanawekewa utaratibu, sisi tusiofundishwa tusione haya kujiwekea wetu.

Twawaomba wenye kutunga sheria waseme wazi, hata mtu wa kijijini aelewe. Lakini tusikae tukingoja. Siku ile ya harusi hatukukosa sheria. Tulikosa mtu mmoja wa kuinuka mezani, aende kwa yule mgeni, amshike mkono kwa upole na kumwita kando. Mungu atujalie, safari nyingine, mtu huyo awe mmoja wetu. Amina.