Je, Kukosa Hesabu ni Kosa?

Lugha yetu ina neno moja lenye mizigo miwili. Mtoto akiandika jibu lisilo sahihi, twasema ana kosa. Mtu akiiba ng'ombe wa jirani, naye twasema ana kosa. Jumapili tunapoungama, neno ni lile lile. Nadhani ndiyo sababu sisi walimu, na wazazi pia, twaikimbilia fimbo mtoto asipojua hesabu.

Nilifundisha darasa la tatu katika shule moja ya hapa Bariadi, na fimbo niliitumia. Mtoto mmoja aliandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35. Nikamchapa. Kesho yake akarudia vivyo hivyo katika hesabu nyingine. Siku ya tatu, kwa kuchoka tu wala si kwa huruma, nikamwambia anieleze alivyofanya. Akasema, "Mwalimu, 2 haitoshi kutoa 7, basi nikatoa 2 kwenye 7 nikapata 5. Halafu 5 kutoa 2 nikapata 3."

Kumbe hakuwa mvivu! Alikuwa na kanuni yake, naye aliifuata kwa uaminifu. Nilikuwa nimemwadhibu kwa utii.

Tukaokota vijiti, tukavifunga kumi kumi: mafungu 5 na vijiti 2. Nikamwambia anipe 7. Akavitazama vile 2, akayatazama mafungu, akauliza kama anaruhusiwa kufungua moja. Hapo sikuwa na la kuongeza. Alifungua, akanipa 7, kisha mafungu 2, akahesabu yaliyobaki: 25.

Mtasema darasa lina watoto mia, na mwalimu ni mmoja. Ni kweli, tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa yamefurika, kama yalivyofurika baada ya Azimio la Musoma la 1974. Lakini jibu moja lisilo sahihi laweza kuandikwa ubaoni bila jina la mtu, na darasa zima likaulizwa: aliyeandika hivi alifikiri nini? Wenye kosa hilo hujitambua kimya kimya. Nao wanaojua hawapotezewi muda, maana kueleza ni kugumu kuliko kujibu. Wengi wao hukwama.

Wazembe wapo, sikatai. Anayenakili daftari la jirani yake ametenda kosa la ile maana ya pili. Hata hivyo, kanuni za viboko za mwaka 2002 zimeweka kiboko kwa utovu mkubwa wa nidhamu, tena kisizidi mara 4. Kutojua kukopa kumi si utovu wa nidhamu.

Yule mtoto sikumwomba radhi. Siku zile sikudhani kwamba mwalimu humwomba radhi mwanafunzi. Sasa ni mtu mzima, na msimu wa pamba husimama penye mizani akiwasomea wazee kilo zao. Akiniona huniambia, "Shikamoo, mwalimu," nami huitikia, "Marahaba," nikapita.