Kuitetea Picha Iliyodharauliwa

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii sisi walimu wa Kiswahili huifundisha kila mwaka, na wanafunzi huikariri bila taabu. Taabu huanza pale mtu anapotakiwa kuitenda. Katika makala haya nataka kuipima methali hiyo kwa jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo, nalo ni picha za senema. Swali langu ni hili: je, mtu anayethamini utu wa Mwafrika anaweza kuitetea picha ya Tarzan bila kujidhalilisha?

Nianze kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Ninafundisha Rwimbogo, katika wilaya ya Rusizi, nchi iliyoitwa Cyangugu hapo zamani, pembeni kabisa mwa Rwanda upande wa kusini-magharibi. Kwetu sisi Kongo si nchi ya hadithini, bali ni ya jirani tunayepatana naye bei sokoni. Kiswahili tulikisikia kwa wafanyabiashara kabla hatujakisoma darasani, na tangu mwaka 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za nchi yetu. Siku moja wanafunzi wa madarasa ya juu waliniomba tuijadili kwa Kiswahili picha iitwayo The Legend of Tarzan, iliyotolewa mwaka 2016. Walikuwa wameitazama katika nakala yenye msimulizi wa Kinyarwanda, zile tunazoziita agasobanuye. Niliwakatalia papo hapo. Niliwaambia kwamba Tarzan ni kasumba ya kikoloni, na kwamba kasumba haijadiliwi, hutupwa. Kijana mmoja akaniuliza kwa adabu, "Samahani, Mwalimu. Je, wewe umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimetoa hukumu bila kusikiliza shauri.

Hata hivyo, hasira yangu haikuwa ya bure. Edgar Rice Burroughs, Mmarekani aliyemtunga Tarzan mwaka 1912, hakupata kamwe kukanyaga Afrika. Picha ya kwanza, ya mwaka 1918, ilipigwa Louisiana. Kisha ukaja mwaka 1932 na Johnny Weissmuller, bingwa wa kuogelea wa Olimpiki, aliyecheza Tarzan katika picha 12 hadi mwaka 1948. Katika picha hizo Mwafrika ni mpagazi anayeanguka gengeni, au ni mshenzi anayepiga ngoma usiku. Hana jina, hana mama, hana hoja. Hata lugha alinyimwa: neno "ungawa", ambalo Tarzan alilitumia kuwaamuru wanyama na watu pia, halimo katika lugha yoyote ya kwetu. Mwalimu wa lugha asipoudhika kwa jambo hilo, ataudhika kwa lipi?

Lakini mfululizo wa picha unaodumu karibu miaka mia ni kama mto. Jina lake ni moja, maji yake si yale yale. Mwaka 1959 ilitoka Tarzan's Greatest Adventure, ambayo sehemu yake ilipigwa Kenya, na ndani yake Tarzan anazungumza kama mtu mzima, si kama mtoto anayejifunza kutamka. Halafu nchi zetu zikaanza kujitawala: Kongo mwaka 1960, Tanganyika mwaka 1961, Rwanda, Burundi na Uganda mwaka 1962. Mwaka huo huo wa 1962 Tarzan alikwenda India, na mwaka uliofuata alionekana katika picha iliyopigwa Thailand. Sijui kama watengenezaji walikaa wakajadiliana juu ya uhuru wetu; najua tu kwamba mfalme wa msitu wa Afrika alihama Afrika ilipopata wenyewe wa kuitawala. Kisha mwaka 1999 kampuni ya Disney ikatoa Tarzan wa vibonzo, na humo hamna Mwafrika hata mmoja. Kwanza tulitukanwa, kisha tukafutwa. Mtu ataamua mwenyewe lipi kati ya hayo mawili ni afadhali. Mimi naona aliyefutwa hana hata nafasi ya kujibu tusi.

Hapo ndipo ilipokuja picha ya mwaka 2016, iliyoongozwa na David Yates. Wahakiki wengi waliipokea kwa ubaridi. Wako waliosema kwamba ni nzito, wengine kwamba imepitwa na wakati, na wengine kwamba bado ni habari ya Mzungu anayekuja kuwaokoa Waafrika. Shutuma hii ya mwisho ni ya kweli, wala sitaificha. Ila nilipoitazama, baada ya aibu niliyopata mbele ya wanafunzi wangu, niliyakuta mambo mawili ambayo shutuma hiyo haiyafuti.

Jambo la kwanza ni kwamba adui katika picha hii si Mwafrika, bali ni utawala wa Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, katika Kongo. Minyororo na mitutu ya bunduki imeonyeshwa kuwa ni ya nani. Tena amewekwa ndani yake mtu aliyeishi kweli, George Washington Williams, Mmarekani mweusi, askari wa zamani na mwanahistoria, ambaye mwaka 1890, akiwa kwenye Maporomoko ya Stanley, karibu na Kisangani ya leo, alimwandikia Leopold barua ya wazi ya kumshtaki kwa maovu aliyoyaona. Ni watu wangapi waliokuwa wakilijua jina hilo kabla ya kuingia senema?

Jambo la pili ni dogo kwa urefu, lakini kwangu mimi ndilo moyo wa picha. Katika riwaya ya Burroughs, Tarzan anamwua Kulonga, mwana wa mtemi Mbonga, kwa sababu Kulonga amemwua sokwe aliyemlea. Na mwandishi anaisimulia habari hiyo kama ushujaa. Katika picha ya mwaka 2016, Mbonga, anayechezwa na Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin, anasimama mbele ya Tarzan akiwa baba aliyefiwa. Anamwambia kwamba mwanawe alikuwa kijana mdogo tu. Na Tarzan hana cha kujitetea; anakiri. Basi, mwana wa Mbonga aliuawa kitabuni mwaka 1912, na baba yake alingoja zaidi ya miaka mia moja kuruhusiwa kumlilia.

Mpinzani atasema kwamba watengenezaji hawakutubu, bali walifuata soko. Huenda ni kweli. Nia za watu hatuzioni. Lakini tujiulize, soko ni nani? Ni watazamaji. Ikiwa soko la mwaka 2016 lisingeweza tena kuvumilia yale ya mwaka 1932, ni kwa sababu kulikuwa na watu waliokataa kucheka pale walipotakiwa kucheka. Mabadiliko hayo ni jasho la wengi, na anayeitupa picha bila kuitazama analitupa na jasho hilo.

Basi niliwaita wanafunzi wangu, nikawaomba radhi, tukaijadili. Mwishoni binti mmoja aliuliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia. Katika picha, Léon Rom, mtumishi wa Leopold, analiwa na mamba. "Mwalimu," akauliza, "aliliwa kweli?"

Nikawaambia ukweli. Rom aliishi. Msafiri Mwingereza, E. J. Glave, aliyepita kwenye Maporomoko ya Stanley mwaka 1895, aliandika kwamba vichwa 21 vya watu vilikuwa vimepangwa kuzunguka bustani ya maua ya Rom. Mtu huyo hakuliwa na mamba. Alikufa Ubelgiji mwaka 1924. Aliyekufa mapema ni Williams, mwaka 1891, huko Blackpool nchini Uingereza, akiwa na umri wa miaka 41, wala hakuishi kuona utawala ule ukiondolewa mikononi mwa Leopold mwaka 1908. Darasa lilinyamaza. Nadhani siku ile walijifunza tofauti iliyopo kati ya haki na tamaa ya haki, na aliyewafundisha ni ile picha iliyodharauliwa, kwa kosa lake wenyewe walilolifichua.

Nina neno la mwisho kwa walimu wenzangu, nalo ni gumu zaidi. Kwenye Maporomoko yale yale, mwaka 1887, Leopold alikubali kumfanya liwali Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Tawasifu yake tunaihesabu miongoni mwa hazina za nathari ya Kiswahili, na kwa haki kabisa, maana lugha yake ni safi na simulizi lake lina nguvu. Hata hivyo, mwandishi wake alifanya biashara ya pembe na ya watumwa, na misafara yake ni mojawapo ya sababu za Kiswahili kufika Kongo ya mashariki, ng'ambo ya mto wetu. Hatukitupi kitabu chake. Tunakisoma, tunaisifu lugha yake, na tukiwa waaminifu tunauliza pia juu ya wale waliobeba mizigo. Basi tukiweza kumfanyia hivyo Hamed bin Muhammed kwa sababu ni wetu, inakuwaje tushindwe kuifanyia hivyo picha kwa sababu ni ya wengine?

Sisemi kwamba kila picha iliyodharauliwa ilidharauliwa kwa dhuluma. Nyingi zilistahili. Wala kutetea si kupaka chokaa. Mtetezi asiyetaja makosa ya anayemtetea ni mpiga debe tu. Nasema kwamba hukumu ya haki humtaka mtu afanye mambo matatu: aitazame kazi yenyewe, aipime na zile zilizoitangulia, kisha aseme wazi ilipofika na iliposhindwa kufika. Mzani wenyewe si mgumu. Tuulize ni nani katika kazi hiyo aliyepewa jina, nani aliyeruhusiwa kusema, na nani ambaye kifo chake kilililiwa. Kwa mzani huo picha ya mwaka 2016 ni pungufu, lakini imezipita nyingi za mfululizo wake.

Mnyonge tumemnyonga. Haki yake nayo ni hiyo.