Fundi na Fedha ya Mteja



Sisi wa Mugumu, majirani wa Hifadhi ya Serengeti, twajua pembe ya ndovu haijigeuzi bangili. Operesheni Uhai ya mwaka 1989 iliwasaka majangili. Mchongaji, aliyekaa mbali, aliweza kusema hakuua mnyama.

Demetrio, mfua fedha wa Efeso (Mdo. 19), aliwakusanya mafundi wenzake kwanza kwa habari ya mapato, kisha kwa heshima ya hekalu la Artemi.

Je, seremala wetu akiagizwa makochi ya mninga na mla rushwa ambaye mtaa mzima wamjua? Watoto wataka kula, hilo hatulidharau. Lakini arbuni ile yatoka kwa mjane aliyenyang'anywa shamba, na Jumapili wote wawili watapiga magoti pamoja mezani pa Bwana.